Maji Yaleyale ya Ng'ambo

Nkhata Bay, Malawi
Ijumaa, 14 Julai 1995

Dada yangu mpendwa Restituta,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na mama hajambo na kile kifua chake? Mbuzi wangu bado wanakula maharage ya jirani? Sisi huku wazima, wanene, tena weusi kwa jua la ziwani.

Dada, mdogo wako nilizaliwa na bahati. Ijumaa iliyopita meli ilituacha! Mwingine angelia, mimi nikapata wiki nzima ya likizo juu ya likizo. Ndiyo maana Jumapili hukutuona. Kitura nzima nani mwingine ameshawahi kuachwa na meli ya nchi za nje?

Nakumbuka ulivyocheka nilipoomba kuwaleta wanao. Ulisema nani mwenye akili timamu apande meli kwenda kutazama maji yaleyale upande wa pili. Nikakujibu kwamba siku hizi nchi imefunguliwa, kahawa inanunuliwa na yeyote mwenye mizani, na watu wa maana huenda likizo. Ulikubali kwa kuwa niliapa ziwa hili nimelivuka mara nyingi kuliko wewe ulivyovuka mto kwenda shambani. Halafu ukanishika mkono mbele ya shemeji, ukasema wanao wasikae juu ya maji bila mimi. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wanao wamefurahi. Ilde anaogelea mpaka macho mekundu, na watoto wa hapa wanaelewana naye, maana Kinyasa alichofundishwa na baba yake na Kinyanja cha huku ni ndugu. Emiliana nilimwachisha suruali zake za mitumba kule Mbamba Bay tulikopandia meli, nikamwambia huku mwanamke akivaa suruali anakamatwa. Kushuka tu, aliyetugongea mihuri ni binti kavaa suruali. Emiliana akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akauliza hizo safari zangu nyingi zilikuwa za mwaka gani. Nikamwambia sheria imebadilishwa jana.

Wakati wa kuja, upepo wa mwera ulitukuta katikati ya ziwa. Meli ikalala huku, ikalala kule, gunia la dagaa likatembea lenyewe. Mama Tadea, mwanamke wa Liuli aliyekuwa anakuja kumwona dada yake, alikuwa anamsuka mtu nywele na hakuacha. Mimi nilikuwa chini ya benchi, nakagua mbao.

Hapa Emiliana, aliyekuwa anasoma begani kwangu, amesema barua hii hataibeba. Eti mama akimuuliza, yeye atajibu nini? Amesema, mjomba, andika ilivyokuwa. Basi naandika.

Ijumaa ile hatukuachwa. Tulifika gatini mapema, tiketi mkononi, watoto wameshakanyaga ngazi. Miguu yangu ikakataa. Nikakumbatia nguzo. Emiliana akavuta mkono huu, Ilde mkono ule, mabaharia wanashangilia kama mpira. Mwisho wanao wakashusha mizigo yao wenyewe. Hawakunicheka, dada. Emiliana alisema tu, mjomba, twende tukanywe chai.

Na leo meli imeshaingia ghubani. Nimejaribu tangu alfajiri kusimama karibu na maji, sijaweza. Shule zinafunguliwa Jumatatu, siwezi kuwazuia tena. Watavuka na Mama Tadea, naye anarudi kwao leo. Nimemwomba wakae katikati ya meli, Ilde asisogee ukingoni hata akilia, na awapandishe mwenyewe gari la Mbinga. Mimi nazunguka kwa barabara: Karonga, Mbeya, Songea. Siku zote hizo nitakuwa garini, sijui kama wanao wamefika.

Kwa hiyo kabla hujanitukana, watazame kwanza. Wote wawili wako mbele yako? Basi nitukane mpaka uchoke, nastahili, nami nikifika nitapiga magoti mlangoni nikuombe radhi, usikie vizuri.

Nisalimie shemeji, umwambie wanawe ni watu wazima kuliko mjomba wao. Mama mpe sukari aliyobeba Ilde. Majirani usiwaambie kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Othmar

Bahati hakuna, dada. Ziwa hili sikuwahi kulivuka kabla ya safari hii, na kulirudia nimeogopa.