Bi Mwanaidi na Jirani wa Dunguni

Mjukuu wangu Saumu,

Salaam aleikum. Huku Mtunda tu wazima. Shangazi yako kajifungua salama mtoto wa kike, mwenye sauti ya muadhini.

Umeniuliza bibi yangu Mwanaidi, aliyezaliwa zama za Mjerumani, alikuwa mcha Mungu wa namna gani. Tasbihi haikumtoka mkononi, lakini alikuwa na ulimi! Mwaka mmoja Rufiji ilifurika, mimi naye tukakimbia kwa mtumbwi wake, mimi nikipiga kafi. Tukamkuta jirani yetu Bi Zuhura na mjukuu wake wamekwama juu ya dungu la kulindia mpunga, maji yanapanda. Yeye na bibi walikuwa hawasemezani, kisa mpaka wa shamba.

“Siingii mtumbwini mwako,” akasema Bi Zuhura.

“Basi kaa. Nikuanzie Yasini sasa, au nisubiri uzame?”

Bi Zuhura akaangua kicheko hata dungu likatikisika, akashuka. Walicheka njia nzima, na mpaka ule hawakuutaja tena. Ndipo nikaona kuwa ibada ya bibi ilifika mbali kuliko msala wake.

Yule mjukuu alinipokea kafi, tukazunguka palepale kama pia. Ndiye babu yako.

Akupendaye,
Bibi Mwajuma