Ndege Yenye Sakafu ya Saruji

Karakana ya Makochi,
Mlango wa pili baada ya duka la rangi,
S.L.P. 2216.

14 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, iwe ni ardhini au angani. U hali gani? Unakula vizuri? Na mgongo je, ule uliokuwa ukikusumbua ukiinama sana? Nauliza kwa sababu mtu anayelala kila mara kwenye viti vya wakubwa angekuwa ameshapona mgongo zamani, lakini barua yako ya mwezi uliopita imeandikwa na mtu anayelalamika kiuno.

Sisi huku wazima. Mama hajambo, presha imeshuka tangu aache kubishana na muuza rangi, ingawa muuza rangi hajaacha kubishana naye. Mimi mzima, vidole vimejaa gundi kama kawaida. Baba naye afya yake nzuri, ila macho, na huko kwenye macho nitafika.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kila nikikupigia simu na kuanza maswali, mtandao wako unakatika. Nimeuchunguza huo mtandao. Nikizungumzia mvua haukatiki, nikiuliza habari za kazi unakatika papo hapo. Barua haikatiki, utaisoma mpaka mwisho.

Kwanza nishukuru kwa picha ya nne. Ilipoingia tu kwenye simu Mama akaikimbiza studio, na sasa imetundikwa ukutani juu ya cherehani pamoja na zile tatu za awali. Umelala chali kwenye kiti cha daraja la biashara, kiti kimenyooka kikawa kitanda, blanketi mpaka kidevuni, macho umeyafumba nusu kama mtu aliyeshiba. Umeandika kwamba ilikuwa safari ya usiku kucha, saa kumi na tatu angani, na kwamba ulilala hadi ndege ikatua bila wewe kujua. Mama humsomea hayo kila mteja anayeleta kochi. Baba akiulizwa mwanawe wa kiume yuko wapi hujibu, "Yuko kwenye viti vya ndege," kisha anaendelea kupiga misumari.

Mimi, mdogo wangu, machale yalinicheza tangu picha ya kwanza. Unanijua. Nikiuziwa sponji jipya nalipasua kona nione ndani, sembuse maneno.

Mwanzo nilidhani mabaya. Mtu aliondoka hapa miaka tisa iliyopita na begi moja na hasira, akiapa mbele ya wateja kwamba hatakufa na sindano mkononi. Siku hiyohiyo sindano kombo ya Baba ikapotea, ile iliyopinda ya kushonea kona, na mimi ndiye niliyesingiziwa. Leo mtu huyohuyo analala kwenye kiti ambacho hata muuza rangi, na ujuaji wake wote, amekiona kwenye matangazo tu. Nikikuuliza kazi yako unasema "shughuli za ndege." Shughuli za ndege hata kunguru anazo. Nikafikiri labda unabebeshwa mizigo ya watu usiyoijua ndani yake. Nikafikiri kuna jimama linakulipia. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyowaza, na roho ilikuwa juu kila nikiwaza.

Ndipo nikaanza kukutumia maswali madogo madogo, ukadhani dada yako ameshikwa na hamu ya kupanda ndege. Nilikuuliza chakula cha asubuhi huwa nini, ukajibu kizuri. Nilikuuliza jirani yako wa kiti alikuwa nani, ukajibu mtu tu. Lakini nilipouliza kama viti vyenyewe vina raha kweli, uliandika kurasa mbili! Kwamba sponji ni la tabaka tatu, gumu chini, la wastani katikati, laini juu. Kwamba sehemu ya kiunoni ndiyo huwahi kubonyea, kwa sababu abiria hukalia hapo wakivaa viatu. Kwamba zipu imefichwa chini ya mkono wa kiti, upande wa kushoto, na ukijua pa kuvuta kifuniko chote hutoka kwa dakika nne. Kwamba kile kishimo cha kuingizia miguu kinatesa, kwa kuwa mkono hauingii.

Sasa Kijiti, abiria gani anajua zipu iko wapi? Na mkono unatafuta nini mahali pa miguu?

Nikatafuta shahidi. Yupo mwalimu mstaafu aliyetuletea kiti chake cha kusomea, na huyo aliwahi kuhamishiwa daraja la biashara mara moja maishani, kiti chake cha nyuma kilipokutwa kina mtu mwingine. Nilimkalisha nikamhoji mpaka akauliza kama nimejiunga na polisi. Anakumbuka taulo la moto, soksi alizopewa, uma wa chuma, na jinsi alivyobonyeza vitufe ovyo, kiti kikamkunja magoti yakafika kidevuni, akaona haya kumwita mhudumu. Hakupata hata lepe la usingizi, alikuwa akifaidi. Nikamuuliza sponji lilikuwa la tabaka ngapi.

"Binti yangu," akasema, "mimi nilikikalia kile kiti, sikukichana."

Alipoondoka nikashusha picha zote nne, nikazipanga kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mwenye macho haambiwi tazama. Ya kwanza umeniambia ni safari ya usiku, na jua limekupiga shavu zima. Ya pili blanketi limekufunika mwili wote isipokuwa uso na ncha ya buti, lile buti lenye chuma mbele, na sijasikia mtu anayelala nalo. Ya tatu umekaa unatabasamu, na kiti hakina mkanda. Ya nne, iliyopigwa na mtu aliyesimama mbali kidogo, chini ya kiti kuna sakafu ya saruji yenye doa la gundi. Ndege gani hiyo yenye sakafu ya saruji? Itaruka na msingi wake?

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa miaka mitatu, nikasema, leo chupa nimeiona. Nilikuwa nimeshika kalamu tayari nikutukane. Maana nikwambie kweli, nilikuonea wivu. Nashona hapa kila siku ya Mungu, kisha mteja anainua macho ukutani na kusifu aliyelala.

Ndipo nikaona kitu kando ya mto wa kichwa, kwenye picha hiyohiyo ya nne. Ngozi ya kiti ilikuwa imechanika, ikashonwa kwa mkono. Mishono miwili mirefu, mmoja mfupi. Miwili mirefu, mmoja mfupi, mpaka mwisho, vilevile Baba alivyotufundisha. Na mkono wako uliolala juu ya blanketi, kwenye pindo la kidole cha mwisho, una ile alama ya kuvutia uzi. Ninayo mimi, na Baba anayo. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu wa watu ambacho bado kilikuwa springi tupu, nikalia, na springi zikanichoma.

Kwa hiyo wewe ni fundi viti. Unavitengeneza viti ambavyo watu wengine watalalia usiku kucha, halafu kabla havijarudishwa ndani ya ndege unajilaza kidogo, mwenzako anakupiga picha. Kama nimekosea, nijibu kwa kutaja chakula cha asubuhi kilikuwa nini.

Nikaamua Baba asijue. Jicho lake la kushoto limeshazima, na la kulia daktari wa macho amesema halitafika mwisho wa mwaka. Ndiyo sababu nimekuomba uje mara tatu, na mara tatu umejibu kwamba safari zako za usiku zimebanana, huna nafasi. Nilikuchukia kwa jibu hilo. Sasa ninaelewa kwamba unaogopa kushuka hapa ukaulizwa ulikalia kiti gani. Nikajiambia, mzee amebaki na fahari hii moja, si mimi nitakayemnyang'anya. Picha tatu nikazirudisha ukutani. Ile ya nne, yenye saruji, nikaificha nyuma ya majora ya vitambaa.

Asubuhi yake Baba aliingia, akaenda moja kwa moja ukutani na kioo chake cha kukuzia, akapapasa msumari mtupu.

"Nani kaiondoa picha? Sijamaliza kuikagua."

Nikasema naifuta vumbi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Picha ya pili ndiyo iliyonionyesha kazi yake," akasema. "Bado anaharakisha kona. Nilimwambia tangu zamani, kona haina haraka. Lakini mishono yake imelala vizuri. Imelala kuliko yangu."

Zaidi ya miaka miwili, Kijiti! Sisi tunadhani mzee anatazama uso wa mwanawe, kumbe anakagua kazi. Nikamuuliza mbona basi amekuwa akiwadanganya wateja, akanijia juu kwelikweli.

"Nimemdanganya nani? Nimesema yuko kwenye viti vya ndege. Umewahi kunisikia nikisema anasafiri?"

Mimi ninayepasua kila sponji, nimepitwa na mzee wa jicho moja. Sasa namshuku na Mama pia, maana nimemwona akifika kwenye "saa kumi na tatu angani" hutazama dari. Nikamuuliza Baba kwa nini alinyamaza muda wote huo. Alisema alikuwa akingoja useme mwenyewe, na kwamba angeendelea kungoja kama macho yangemruhusu. Kisha akavua miwani akaifuta kwa shati, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mishono yake nitaipapasa hata nisipoona kitu," akasema. "Uso wake nataka niuone."

Basi njoo, mdogo wangu. Njoo kwenye kiti cha nyuma kabisa, kile cha karibu na choo, magoti yakikugusa kidevu. Kama ndege imejaa njoo na basi. Hakuna atakayekuuliza ulilalaje njiani, na muuza rangi nimeshamwonya kwamba akifungua mdomo nitashona na huo. Mwisho wa mwaka hauko mbali, na jicho halina kalenda. Usiniandikie habari ya ratiba tena, niandikie tarehe.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama ule mto wa shingo uliomwahidi upo kweli au nao ni wa picha. Shangazi anakusalimu, na wajukuu wake wote wanaokuita Mjomba Rubani wanakusalimu, hao nitawaeleza mimi. Mwalimu mstaafu hakujui, lakini anakusalimu, anasema kiti kile kilikuwa kizuri sana, na yeyote aliyekishona Mungu amlipe. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwa mtu aliyekikalia.

Mungu akulinde mikono na macho, akujalie njia nyeupe mpaka mlangoni kwetu.

Mimi dada yako, ninayekupenda na kukushuku kwa kipimo kimoja,

Msumari

N.B. Nimeitazama tena picha ya tatu, ile isiyo na mkanda. Kwenye ukosi wa shati lako imechomekwa sindano kombo, na tundu lake limefungwa ule uzi mwekundu wa Baba. Mimi niliapa kwa kila kitu kwa ajili ya sindano hiyo! Nilimpelekea Baba nikidhani nimegundua jambo, akasema anaiona hapo siku zote. Anasema usiitume kwa posta.