Wimbo Niliouondoa kwenye Albamu

Mtaa wa Stesheni,
Same.
11 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Leticia,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Anderson na wanao wote. Vipi hilo goti? Mara ya mwisho uliniambia linakuuma ukipanda ngazi, nami nikacheka. Sasa langu nalo limeanza, kwa hiyo sicheki tena. Jikinge na baridi ya huko Sumbawanga, na ile dawa ya kuchua usiiache.

Mimi nipo. Sukari inapanda na kushuka, na vidole vya mkono wa kushoto huamka vimekufa ganzi, vile vile ninavyobonyezea nyuzi. Nimechoka, Leticia. Nalala, naamka, na uchovu naukuta pale pale nilipouacha.

Mama yuko Vudee, hajambo kwa umri wake. Macho ndiyo yamekwisha kabisa, lakini bado anachambua maharage kwa kupapasa, na hakuna kijiwe kinachompita. Mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri huko juu. Huku chini ni upepo na vumbi kama unavyokumbuka.

Ile albamu niliyokuambia imekamilika. Ilichukua miezi tisa. Tulirekodi kwa Evance, kijana mwenye studio nyuma ya duka la vifaa vya umeme, chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Feni tulikuwa tunaizima kwa sababu ya kelele, nami naimba na taulo shingoni. Malori ya barabara kuu hayazimiki, basi tulikuwa tunasubiri moja lipite, tunaimba ubeti, tunasubiri jingine.

Tangu mwanzo nilimwambia Evance kuwa sitaki nyimbo zinazofanana. Miaka arobaini watu wananijua kwa gitaa kavu na sauti yangu peke yake, na hii najua ni albamu yangu ya mwisho. Muhidin, rafiki yangu wa Hedaru, alikuja na wenzake wakapiga dufu. Akina mama wa kwaya walishuka kutoka Vudee wakaimba nami kwa Chasu, Kipare chetu. Kuna wimbo wa msaragambo, wa watu wanaotoka pamoja kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, na mle utasikia pembe yenyewe inavyowaita kazini. Mzee mmoja aliyekata mkonge miaka thelathini alileta ngoma ya kwao kusini. Upo na mmoja ambao Evance aliutia midundo ya vijana. Niliuogopa sana huo, na ndio unaopigwa kila kibanda hapa mjini. Muuza chai wa stendi aliniuliza, albamu hii ni ya watu wangapi? 

Sauti yenyewe haifiki tena ilikokuwa inafika. Tulizishusha nyimbo zote. Evance ana mashine ya kuinyoosha sauti ya mtu, nikamwambia aiache ilivyo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie, maana kwenye simu nisingeweza.

Nyimbo tulizorekodi zilikuwa kumi na mbili. Zilizotoka ni kumi na moja. Ule wa kumi na mbili niliutunga juu yako, juu ya asubuhi ile baba alipokufukuza nyumbani. Ulikuwa na miaka kumi na saba na mimba ya miezi mitano. Mimi nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne, nimekaa kibarazani na gitaa. Nilisikia kila neno alilokuambia. Ulipita mbele yangu na kile kisanduku cha bati, ukaniangalia, nami nikainama nikaendelea kukaza nyuzi. Ukashuka peke yako kutafuta gari la kwenda kwa shangazi, kule Bombo. Mtoto akazaliwa huko, akaishi wiki sita, akazikwa huko huko, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuja.

Yote hayo niliyaimba. Gitaa kavu tu, sauti moja, mara moja bila kurudia. Nilipomaliza, Evance alisema, “Mzee, huu ndio wa kwanza kwenye albamu.” Nami nikakubali. Nataka ulijue hilo, kwamba nilikubali. Nilijiambia kuwa ninakuomba radhi mbele ya watu.

Mwezi wa tano nikapanda Vudee kumsikilizisha mama kwenye simu. Ule wa Chasu ulimchekesha, akasema Chasu changu kimekuwa cha mjini. Wa msaragambo aliupigia makofi. Ulipofika ule wako, alisikiliza ubeti wa kwanza, akanishika mkono nizime.

“Leticia ameusikia?”

Nikamwambia bado.

“Basi na mimi sikupaswa kuusikia kabla yake.”

Akarudi kwenye maharage yake. Nilikaa pale nikiwa na simu mkononi, mzee wa miaka sitini na saba, naona aibu kama mtoto. Nilikuwa sijajiuliza hata mara moja kama shemeji Anderson anajua, kama wanao wanajua, kama wewe mwenyewe ungependa kuyasikia hayo redioni ukiwa jikoni kwako. Siku ile nilinyamaza palipohitajika kusema, na sasa nilikuwa nataka kusema pasipo ruhusa. Mara zote mbili niliyemfikiria ni mimi.

Kabla sijaondoka mama aliniambia jambo jingine. Alisema kaburi la Bombo alikuwa analipalilia yeye. Kila mwaka, baba akiwa hai, alikuwa anaaga kuwa anakwenda kumsalimu shangazi, na jembe dogo analificha ndani ya kikapu chini ya ndizi. Alifanya hivyo mpaka miguu ilipokataa. Akaniuliza kwa nini kwenye wimbo nilimwita “mtoto” tu. Nikamjibu kuwa sikujua jina lake. Yeye alilijua. Akalitamka, Namsifu, polepole, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili.

Niliporudi Same nilimwambia Evance auondoe wimbo. Alibishana nami siku mbili, akasema ninaing'oa roho ya albamu. Huenda ni kweli. Mwishowe alifuta kila alichokuwa nacho mbele ya macho yangu, nami nikafuta kwenye simu yangu. Kadi ndogo ya kumbukumbu iliyomo ndani ya bahasha hii ndiyo nakala pekee iliyobaki. Nimewaagiza watu wa vifurushi wakukabidhi wewe mwenyewe.

Ukitaka kuivunja bila kuusikiliza, ivunje. Ukitaka kuusikiliza na kuuficha, ni wako. Ukiona inafaa ufike kwa watu, utafika, lakini useme wewe. Usiponijibu, nitajua umeshajibu, na sitakuuliza tena.

Juma lililopita nilikwenda Bombo. Ilinichukua siku nzima kufika na mgongo wangu huu. Shangazi hayupo tena, lakini wajukuu zake walinionyesha mahali. Mama alilizungushia mawe ya mtoni, yote ya ukubwa mmoja. Majani yalikuwa yamefika magotini, nikaazima jembe la jirani nikayapalilia. Nilikuwa napumzika kila baada ya hatua mbili, na jua lilikuwa limeshuka nilipomaliza. Sikuimba chochote. Nilikaa kidogo, nikamwambia kwamba mimi ni mjomba wake.

Nisalimie shemeji Anderson, na mwanao Jenoveva, na wajukuu wote. Muhidin anakusalimu sana, na mama anasema ukija umletee karanga za huko. Mungu akutunze, akulainishie goti, na akupe siku za utulivu.

Desemba nitarudi Bombo kupalilia. Kama utapenda kuja, nitakungoja stendi ya Same, nami nitakubebea mzigo wako.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, niliyechelewa,

Tumainieli