Kinyozi wa mtu asiye na nywele

Shoga upo? Usinipigie, niko bafuni.

Yule kinyozi, rafiki wa mume wangu, unamkumbuka? Tangu mume wangu aanze dawa za saratani, kila mchana anakuja na mkoba wake wanajifungia chumbani. Eti anamnyoa. Anamnyoa nini, na nywele zote zimeshapukutika?

Nikajua kuna namna hapa. Labda wananificha majibu ya daktari. Maana mume wangu anazidi kukonda, na sahani zangu zinarudi zimekombwa.

Leo nimetega sikio mlangoni. Namsikia mume wangu: "Fanya chapchap, asije akatukuta."

Nikaingia.

Shoga, kinyozi kakaa ukingoni mwa kitanda, sahani yangu mapajani, mashavu yamemjaa. Anakula chakula cha mgonjwa. Kinyozi.

Nikamuuliza, huna haya wewe? Hata kumeza kashindwa. Mume wangu ndiye kajibu: "Usimgombeze. Kila ninachotia mdomoni kina ladha ya chuma. Nikaona unavyofurahi sahani ikirudi tupu, nikamwomba anisaidie."

Kinyozi naye: "Shemeji, mimi huja hapa nimeshakula kwangu."

Ameshakula kwake, shoga. Miezi yote hii anakula mara mbili. Kumbe ndiyo maana lile tumbo.

Na mimi kila kliniki namwambia daktari, anakula vizuri, anamaliza.

Sasa nimefungulia bomba wasisikie ninavyolia. Kinyozi yuko hapo mlangoni anabisha hodi, anauliza kama amalizie.