Mihogo ya siku kumi na mbili

Mathilde, haya imeniua. Niko natoka ku hospitali.

Nilimupeleka bwana yangu Roger. Unajua, wiki tatu hasemi na mutu.

Muganga akamuuliza: "Unalala?" Nikajibu miye: "Atalala namna gani? Miye mwenyewe sijalala tangu Pasaka!"

"Unakula?" "Atakula nini? Mihogo ya kutoa mu maji siku ya tatu, niliisahau siku kumi na mbili, ikaoza yote!"

KUMI NA MBILI, Mathilde! Miye mwenye kuchekaka wengine wakiozesha mihogo!

Muganga akaweka chini biki yake ya kuandikia. "Mama, unaliaka?"

Nikataka kumutukana. Machozi ikatoka.

Roger akafungua kinywa: "Anza na yeye."

Wiki tatu, na neno lake la kwanza ni lile!

Jumatatu tunarudi wote wawili. Utabakia na watoto. Cheka leo, umalize.