Ribiti Arobaini na Tatu

Jumamosi, 2 Agosti

Leo tumeipindua mashua. Miaka kumi na mmoja imelala kifudifudi nyuma ya nyumba, kuku wanatagia chini yake, mpaka nikasahau kwamba ni chombo. Kwangu ilikuwa banda. Mama alikunja mikono ya gauni akasema tu, shika huku, nikifika tatu inua. Nikajua mgongo wangu umekwisha. Wapi! Mita nne na nusu za alumini zikageuka kama sinia. Watu wawili tu — na mmoja wao mimi!

Kuku walitoka wakilalama kama wapangaji waliofukuzwa. Mayai matano, moja viza.

Mkataba wa Mama wa usafi pale shuleni umekwisha juzi. Hakusikitika hata kidogo. Alisema anarudi ziwani kuvua, kwa mashua hii hii, peke yake, kama zamani. Alivyosema ungedhani anakwenda dukani kununua chumvi.

Niandike hapa basi: naogopa. Siku mashua ilipogonga mwamba nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama ufukweni na sare ya shule. Nilimwona Mama akija, kasia mkono mmoja, mkono wa pili anachota maji kwa kiatu. Kwa kiatu! Tangu siku ile maji hayajanipita kifundo cha mguu. Na kazi niliyopata — Mungu naye ana mzaha — ni ukarani katika ofisi inayoandikisha vyombo vya majini. Taarifa za ajali nazinakili mimi, kwa sababu eti nina mwandiko mzuri.

Jumapili, 3 Agosti

Brashi ya waya, msasa, maji. Kutwa nzima. Rangi nne, moja juu ya nyingine: kijani, chini yake bluu, chini yake nyeupe, chini yake nyekundu iliyofifia. Mama anazijua zote. Kijani ni mwaka ulipoota meno, alisema, bluu ulikuwa bado tumboni. Kwa hiyo mashua ni dada yangu mkubwa!

Mnamo saa kumi nikafika kwenye alumini yenyewe. Kipande cha ukubwa wa kiganja. Nilitarajia kutu, uozo, aibu fulani. Kiling'aa. Nikaona uso wangu humo, umepinda kidogo, mdomo wazi. Miaka yote ile — mvua, jua, kinyesi cha kuku — na chini yake kilikuwa kinang'aa tu, hakina habari na sisi.

Sikumwambia Mama. Nilisugua kipande cha pili, nione kama ni kweli.

Jumatano, 6 Agosti

Baada ya kazi nimemkuta jirani yetu mchomeleaji, yule tunayemwita Cheche, ameegemea ukuta. "Shikamoo, Mama. Naona mnafufua maiti."

"Marahaba. Maiti ni mashine yako, imelala tangu asubuhi."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ukweli wake lakini: alumini haiwezi, mashine yake itaitoboa kama karatasi. Mama akamwambia hakuna atakayechomelea kitu. Mashua hii imeshonwa kwa ribiti, vijimsumari vinavyogongwa kichwa pande zote mbili, na kwa ribiti itashonwa tena. Ribiti za alumini, si za chuma, kwa maana chuma kikikaa na alumini ndani ya maji kinaila. Cheche akanigeukia: "Bi Faili, umesikia? Andika hilo." Nikaitikia kwa kichwa. Nimeandika.

Mama aliyajulia wapi haya? Nilimuuliza. Kumbe kabla sijazaliwa alifanya kazi miaka sita katika karakana ya mabodi ya mabasi, anagonga ribiti, mwanamke pekee. Hakuwahi kuniambia. Anasema hukuwahi kuuliza.

Jumamosi tutaijaza maji ndani, tuone yanatokea wapi. Ribiti zinazovuja zikizidi arobaini, amesema, basi, anaipeleka kwa watu wa vyuma chakavu na hatataja ziwa tena. Amesema kwa kinywa chake. Arobaini.

Nimelishika neno hilo. Leo ofisini nimenakili taarifa nyingine ya ajali. Mtu mmoja, makasia mawili, hali ya hewa nzuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumeipandisha juu ya mabenchi manne, tukaingiza mpira wa bomba. Ilichukua saa nzima kujaa. Magoti ya Mama hayakunjiki tena sawasawa, hivyo wa kulala chini ni mimi. Gunia mgongoni, chaki mkononi.

Sijui nilielezeje. Juu ya uso wangu mamia ya vichwa vya ribiti, vimepangwa safu kwa safu, na nyingi — nyingi mno! — kavu kabisa, zimebeba maji yale yote na hazisemi kitu. Kisha hapa na pale moja inatunga tone. Tone linanenepa. Linakaa. Ndani yake ukuta wa nyumba yetu umesimama kichwa chini, na kuku mmoja. Halafu linaanguka na lingine linaanza. Nilisahau kuogopa. Nilisahau hata kuweka alama.

"Umelala?" Mama akauliza kutoka juu.

Ishirini na sita. Nilihesabu mara tatu, kama ninavyohesabu kila kitu. Ishirini na sita tu.

Na mkono wangu ukaendelea. Sijui niandike nini zaidi. Ukaweka duara la chaki kwenye ribiti kavu, na nyingine kavu, na nyingine. Nilichagua zile za karibu na mkuku, uti wa mgongo wa mashua, zionekane za hatari. Kumi na saba. Nikatoka chini nikasema: arobaini na tatu.

Mama alikaa juu ya ndoo muda mrefu. Maji yalikuwa yanadondoka. Nilimwonea huruma nikafurahi, vyote pamoja. Sijawahi kumdanganya kwa kitu kikubwa.

Jumapili, 10 Agosti

Amekataa! Ameamka alfajiri, nimemkuta ameilaza mashua ubavu, drili mkononi. Nikamkumbusha: Mama, ulisema arobaini. "Nilisema kwa mdomo. Mkono haujasema."

Sasa kazi yenyewe ni hii: ribiti mbovu haikazwi, inatolewa. Anatoboa kichwa chake, anaisukuma, inatoka, panabaki tundu la duara unaloweza kuchungulia. Anafuata chaki. Kila duara la chaki, tundu. Mimi nashika kopo, ribiti zinaanguka humo, ting, ting.

Ishirini na sita. Ishirini na saba. Niliona jua likipenya kwenye tundu karibu na mkuku. Ribiti ile ilikuwa nzima. Ingekaa miaka ishirini! Mama akasema shika kopo vizuri, ribiti zinaanguka nje.

Arobaini na tatu. Kwa kuogopa mashua itamzamisha mama yangu, nimeitoboa matundu kumi na saba.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi kutoka kazini nimekuta gazeti limetandikwa mezani na kopo limemwagwa. Mafungu mawili. La kushoto, ribiti zina unga mweupe shingoni, kama chumvi. La kulia, safi. Zinang'aa kama zimetoka dukani.

"Karani. Nisomee."

Nikasema sijui kusoma ribiti. Akanisomea yeye. Iliyopitisha maji huota unga ule. Isiyopitisha haioti. Hata fundi mlevi anajua. Kushoto ishirini na sita, kulia kumi na saba. Akauliza tu: macho yalikuwa na nini siku ile?

Nikasema yote. Nililia, nikasema kiatu, nikasema taarifa ninazonakili, nikasema sitaki siku moja kuandika jina lake kwa mwandiko wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazikusanya ribiti, mafungu mawili mbalimbali, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango taratibu. Angeubamiza ningepumua.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku ya pili hasemi nami. Chai ipo mezani, salamu ipo, mama hayupo.

Leo asubuhi tu, nikiwa mlangoni: "Ishirini na sita ni za mashua. Kumi na saba ni zako. Jumamosi utaziziba kwa mkono wako."

Jumamosi, 16 Agosti

Mikono imevimba, lakini lazima niandike.

Mashua bado imelala ubavu, na ribiti moja inataka watu wawili. Mmoja ndani ya mashua, amekandamiza kipande cha chuma kizito juu ya kichwa cha ribiti. Wa pili nje, anagonga mkia wake mpaka ubonyee ugeuke kichwa cha pili. Hamwonani. Kati yenu kuna bati tu. Zile ishirini na sita Mama aligonga yeye, mimi nikiwa ndani. Mapigo manne kila moja. Manne! Nilisikia kila pigo mpaka kwenye meno. Alivyokuwa anagonga sikumjua. Yule anayelalamika magoti hayupo, yupo mtu mwingine, hakosei, hafanyi haraka, bega lake linajua lenyewe.

Kisha akaingia yeye ndani, akanipa nyundo.

Ya kwanza niliipinda. Ya pili nikaipinda. Sauti yake kutoka ndani: "Unaibembeleza. Hiyo si mtoto." Ya tatu nikagonga kwa hasira na ikakaa! Nilisikia ikikaa. Mwanzo sauti ni ya bati tupu, inalia, halafu ghafla inanyamaza, inakuwa nzito, kana kwamba mashua nzima imekuwa kitu kimoja nyuma yake. Kabla sijauliza, Mama akasema, eeh, hiyo.

Tulifika ya kumi na saba jua likiwa bado juu. Siku nzima sikuona uso wake. Kwa kila pigo nilijua yuko wapi.

Cheche alipita, akasimama, hakutania. Akapapasa zile ribiti kwa kidole. Akasema, Mama, hizi mbona zote ni za fundi? Mama akamwambia: "Kumi na saba ni za fundi, zilizobaki ni zangu." Nilijifanya nafunga kiatu.

Jumapili, 17 Agosti

Mabenchi tena, maji tena, mpaka juu. Nikachukua gunia nilale chini. Mama akaninyang'anya. Akashika benchi, akakunja goti moja, akakunja la pili — nilisikia yanalia — akatambaa chini mwenyewe. Alikaa huko karibu saa nzima, ribiti moja moja, kwa kidole. Mimi nilisimama na chaki ambayo hakuiomba.

Kavu. Zote.

Alipotoka nilimpa mkono, akaushika. Lakini alikwenda kuona mwenyewe. Hilo sitalilalamikia.

Alhamisi, 21 Agosti

Fomu ya Mama imefika mezani kwangu kama fomu nyingine yoyote. Nyenzo: alumini. Matengenezo: ribiti arobaini na tatu. Aliyetengeneza: ameandika majina mawili. Mkuu wangu akauliza malengelenge haya ya mikononi nimeyapata kwenye kalamu gani. Nikasema nyundo. Akadhani utani.

Anataka majaribio ya saa moja majini kabla ya kutia saini.

Jumamosi, 23 Agosti

Niko ufukweni, nimekaa juu ya jiwe. Cheche alitusaidia na mkokoteni wake, amerudi kazini. Daftari la majaribio nimelisahau nyumbani — mimi! — kwa hiyo naandika humu.

Tulivyokubaliana: Mama ndani, kamba ndefu imefungwa kwenye nguzo hapa nilipo. Nimeifunga mimi, mafundo matatu. Kila dakika kumi anapapasa sakafu, anaita, naandika. Kutoka hapa sakafu siioni.

Saa tatu kamili. Imeelea! Imekaa juu ya maji kama imewekwa na mtu mwenye adabu. Mwanga wa ziwa unapanda ubavuni mwake wote, na Mama katikati yake. Kavu.

Saa tatu na dakika kumi. Kavu.

Saa tatu na ishirini. Kavu. Anapiga makasia bila kutazama makasia. Sikujua mgongo wake unanyooka hivi.

Saa tatu na thelathini. "Maji kijiko kimoja!" Nimesimama. Anasema ni ya kasia, yamedondoka. Nimepiga kelele: una hakika? Ameniangalia tu, kutoka mbali kule.

Saa tatu na arobaini. Amefuta kwa kitambaa. Kavu.

Saa tatu na hamsini. Kamba imekwisha, imekaza, inadondosha maji. Mama ameweka makasia. Ananiita, fungua, nizunguke kidogo pale penye kina. Nimemwambia bado dakika kumi. Anasema anajua. Nimeuliza: sakafu? Ameinama, nimeona mkono wake ukishuka na ukikawia huko chini. Ameinuka.

"Kavu!"

Kavu, kwa neno la Mama. Nimeandika. Fundo la kwanza limefunguka kwa mkono wa kushoto, la pili pia. La tatu limelowa likakaza, linataka mikono yote miwili. Naweka kalamu chini.