Maua Yasiyoondoka

Mjukuu wangu Upendo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mkonze mvua imetukimbia, lakini tunakula. Umeniuliza jinsi ya kuipa picha fremu ya maua kwa programu ya bure ya kompyuta.

Niliwahi kuifanya kazi hiyo bibi yako alipofariki, kompyuta zilipokuwa ndiyo kwanza zinaingia maofisini. Picha yake ilikuwa moja tu: amesimama stesheni ya Zuzu, na pembeni mama yako, mtoto mdogo, amemshika mkono. Niliiskani ofisini kabla wazee hawajaiweka ndani ya jeneza, izikwe naye. Kisha nikaizungushia maua kwa ajili ya siku ya kumaliza matanga. Ilipasa fremu ikae kwenye tabaka lake, kama karatasi ya plastiki inayoangaza juu ya picha, na kazi ihifadhiwe kwa jina jipya. Mimi nilichora juu ya picha yenyewe, nikahifadhi kwa jina lilelile, ile ya mwanzo ikafutika.

Waombolezaji waliyasifu maua. Mama yako, wakati huo akiwa darasa la tatu, aliitazama sana.

"Baba, mimi niko wapi?"

"Uko hapo, chini ya maua."

"Basi yaondoe."

Nilimwambia nitajaribu, nikijua hayaondoki.

Kwa hiyo anza kwa kunakili picha, mjukuu wangu. Ile yetu yenye maua ipo sebuleni. Mama yako akija hukaa akiipa mgongo, nami bado naogopa ataniuliza nimefikia wapi.

Babu yako